Mtaa Uliomkana Fundi wa Lifti

Mwanangu wa kwanza alianza kazi ya lifti kabla hajawahi kuiona lifti yenyewe. Tunakaa ghorofa ya nne kwenye jengo la zamani, ngazi zake nyembamba na zina giza hata saa sita mchana. Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa hai, lakini magoti yake yalikuwa yamegoma. Akishuka asubuhi kuota jua, kurudi kwake juu kulikuwa safari. Chai niliyomwekea ilipoa, nikaipasha, ikapoa tena. Siku moja akasahau miwani yake juu, akakaa kwenye kibaraza cha chini akilia kama mtoto. Hakuwa analilia miwani. Alizililia zile ngazi.

Mwanangu alikuwa darasa la sita. Kesho yake nikaingia chumbani nikamkuta dirishani, nusu ya mwili nje, nusu ndani. Nikamkamata kaptula.

"Unataka kuniua?"

"Mama, kama unanishika, nishike vizuri. Nakaza msumari."

Nikamshika vizuri, ningefanyaje? Alikuwa anafunga kapi aliloliokota kwenye nyumba iliyokuwa ikibomolewa. Juu ya kapi akapitisha kamba. Ncha moja akafunga kikapu changu cha sokoni, bila kuniomba. Ncha ya pili akafunga pasi ya mkaa ya bibi yake, iliyokatika mkono. Kikapu kikishuka pasi inapanda, kikipanda pasi inashuka. Mwanzoni pasi ilikuwa nzito kuliko kikapu, basi akakaa nayo mapajani jioni nzima akiikwangua kwa tupa upande wa nyuma, mpaka vyote viwili vikalingana na bibi yake akaweza kuvuta kamba kwa vidole viwili. Mwisho akafunga kengele ya baiskeli kwenye fremu ya dirisha, na uzi wake akauteremsha mpaka chini.

Tangu siku hiyo miwani ilishuka kwa kikapu, mkate ukapanda kwa kikapu. Fundi viatu mwenye kibanda mlangoni mwa jengo letu akakifanya chake: viatu vya ghorofa zote vikawa vinashuka vikiwa vimeachama na kupanda vikiwa vimefumba midomo. Mtaa ukampa mwanangu jina la Kikapu, na mimi nikawa Mama Kikapu. Mpaka leo wapo watu hapa wasiojua jina langu lingine.

Jambo moja alikuwa mkali nalo. Kila Ijumaa akitoka shule alipitisha ile kamba yote vidoleni, macho ameyafumba. Akigusa uzi mmoja uliosimama, kamba inatolewa. Na pale chini, kikapu kinapotua, alipaka mduara kwa rangi nyeupe. Kikapu kikiwa hewani hakuna mtu kusimama ndani ya mduara, hata mgeni, hata baba yake. Fundi viatu alimtania, "We Kikapu, humu tunapandisha soli, sio mabalozi." Mtoto akamjibu, "Soli yako ikikuangukia kichwani utajua ni balozi."

Basi alipokua akawa fundi wa lifti, na hakuna aliyeshangaa.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Binti yangu, ambaye ni msusi, husema nikikosa cha kuhofia nahofia kwa nini hakipo. Kwa hiyo mwanangu alipopata kazi nchi za mbali, kwenye kampuni inayotunza lifti za majengo makubwa, mimi nilihofia baridi, nikahofia chakula, nikahofia marafiki wabaya. Kamba sikuihofia. Na kumbe ni kamba.

Alikuta kamba za chuma zilizochakaa, nyuzi zimekatika moja moja, zinapakwa grisi nyeusi mpaka zinang'aa, kisha lifti inabandikwa karatasi kwamba imefungwa kamba mpya. Akamwambia msimamizi wake. Msimamizi akamwambia, "Wewe paka grisi." Akamwendea mkubwa wa msimamizi, akahamishiwa stoo. Huko stoo ndiko alikoziona kamba zilizotolewa kwenye jengo moja zikisafishwa ili zipelekwe jengo jingine. Akakata kipande, urefu wa kiganja na kifundo chake, akakitia kwenye mfuko wake wa chakula cha mchana, akakipeleka kwa wakaguzi wa serikali ya huko na kwa mwandishi mmoja wa gazeti.

Lifti zikasimamishwa. Watu wa mji ule wakapanda ngazi kama sisi, kamba zikabadilishwa, hakuna aliyekufa. Na kwa kuwa hakuna aliyekufa, kampuni ikaona mkosaji ni mmoja tu. Ikamshtaki kwa wizi wa mali ya kampuni, yaani kile kipande, na kwa kutoa siri za biashara.

Kabla hajapanda ndege kurudi nyumbani alinipigia simu. "Mama, wana watu wao wanaozunguka kunitafutia ubaya. Mtu yeyote akija kuuliza habari zangu, sema hunijui."

Na kweli alikuja mtu. Suti nzuri, meno mazuri, kitambulisho shingoni. Akasema anataka kumsaidia mwanangu, nimweleze tu tabia zake tangu utotoni, kama alikuwa na mkono mrefu. Nikamwambia amekosea ngazi. Alipoondoka tu nikashuka, nikapita mlango kwa mlango. Atakayekuja kuuliza, Kikapu hatumjui. Picha zake zote na cheti chake cha kuzaliwa nikavitia kwenye kopo la biskuti, nikalipeleka stendi likasafiri na basi mpaka kwa mdogo wangu, mbali, nikamwambia alifiche na asimwambie mtu. Hata pasi nikaifungua kwenye kamba, nikampa fundi viatu agandamizie soli zake, na mahali pake nikaning'iniza kifuko cha mchanga. Nilitaka alama yake hata moja isionekane.

Shida yangu ilikuwa mzee wangu, baba watoto. Alikuwa mlinzi wa shule maisha yake yote na uongo haujui. Akijaribu tu, anaanza kucheka. Tukapatana kwamba mgeni akija, yeye analala.

Kisha rafiki wa mwanangu akatuletea habari: ameshikwa, kwenye nchi ya njiani, uwanja wa ndege alipokuwa akibadilisha ndege. Ile nchi ya kampuni inamtaka akabidhiwe kwake, akahukumiwe huko. Zaidi ya hapo hakujua. Mimi nikakaa dirishani.

Ndiyo sababu mwanamke mmoja nilimwona tangu anakunja kona ya mtaa. Umri kama wa binti yangu, mkoba wa kahawia, viatu vya visigino. Mtu wa kwetu hapandi ngazi zile na visigino. Nikasema, "Mgeni," mzee wangu akaingia chumbani, akaanza kukoroma kama mashine ya kusaga, na macho yamemtoka.

Alifika mlangoni akihema, kiatu kimoja mkononi. Ngazi za ghorofa ya tatu zilikuwa zimekula kisigino chake.

"Shikamoo mama. Natoka wizarani, kitengo cha raia waliopata matatizo nje."

"Marahaba. Pole na ngazi."

Binti yangu ana huruma kuliko akili. Akamchukua kile kiatu, akakitia kwenye kikapu, akakishusha kwa fundi viatu. Mgeni akakaa, akatoa picha, akalitaja jina la mwanangu lote, la baba yake na la babu yake.

"Mnamfahamu?"

Nikaitazama. Alikuwa amekonda, nywele zimeondoka mbele, ndevu zimemjaa. Ningeweza kuila ile picha.

"Sijawahi kumwona," nikasema. "Maskini. Sijui mama yake ana hali gani."

Binti yangu akanikanyaga mguu.

"Mama," yule mwanamke akasema taratibu, "serikali ina utaratibu wa kuwasaidia raia wake waliofichua maovu huko nje wakakamatwa. Tunamwekea wakili, mtu wa ubalozi anakaa mahakamani, tunapinga asikabidhiwe. Lakini lazima kwanza tuthibitishe ni wetu."

Maneno mazuri. Lakini yule wa suti naye alikuwa na kitambulisho, naye alitaka kusaidia.

"Serikali Mungu aibariki," nikasema. "Ila huyu simjui."

Kengele ikalia. Sauti ikapanda kutoka chini, mtaa mzima ukasikia: "Mama Kikapu! Kisigino hiki nikipige msumari au gundi?"

"Vyote viwili!" nikajibu.

Mgeni akageuka. "Mbona wanakuita Mama Kikapu?"

"Si unakiona kikapu?"

"Kizuri. Nani alikitengeneza?"

"Tulikikuta," nikasema mimi.

"Tulikinunua," akasema binti yangu, wakati uleule.

Mkoromo wa chumbani ukakatika. Ukafuata mlio kama wa mtu anayezama.

"Ni nani huyo?"

"Mume wangu. Anaota."

Akatutazama mmoja mmoja, akaandika, akaaga. Chini akapokea kiatu chake na kumwuliza fundi viatu. Yule bwana, nikimsikia kutoka dirishani, akapitiliza hata nilivyomfundisha. "Familia ile? Haina mtoto wa kiume, dada yangu. Yule mama alizaa mabinti watupu. Na mtaa huu fundi wa lifti tumtoe wapi, lifti yenyewe hatuna?"

Mwanamke alipokunja kona, fundi viatu akaninyooshea dole gumba. Nikamnyooshea langu. Siku ile tulikunywa chai kwa raha, tukacheka, tukasema tumemwokoa Kikapu.

Kabla ya wiki kwisha simu ikalia. Ni yeye.

"Mama, mbona mmenikana?"

Nilikaa chini kwenye sakafu.

"Wakili wa ubalozi yuko hapa pembeni yangu. Anasema serikali ilituma mtu nyumbani, mtaa mzima umesema haunijui. Hata ndugu sina!"

"Si wewe ulisema mtu yeyote akija?"

"Nilimaanisha watu wa kampuni!"

"Ulisema mtu yeyote."

"Mama!"

"Usinipandishie sauti, na huko gerezani ulipo."

Akacheka, nami nikacheka, kisha akanieleza na kicheko kikaisha. Kampuni ilikuwa imeiambia mahakama kwamba pasipoti yake ni ya kughushi, kwamba picha haifanani naye na yeye si mtu wa nchi yetu. Kesi itasikilizwa wiki inayofuata. Wizara isipothibitisha kwamba ni raia na ana kwao, wakili yule hataruhusiwa kumsimamia, na mahakama itamkabidhi. Huko atakakokabidhiwa kulikuwa na miaka mingi ya kifungo inamsubiri.

Nilikwenda wizarani na fundi viatu, maana alisema uongo mkubwa zaidi ni wake. Yule mwanamke alikuwa na meza ndogo iliyobanwa kati ya kabati mbili. Alipotuona hakusimama.

"Mama, ulinitazama machoni ukasema humjui."

"Nilikutazama, binti yangu. Ningekwepa macho si ungenikamata?"

Mdomo wake ulicheza kidogo, akauzuia. "Na wewe mzee, si ndiye uliyesema alizaa mabinti watupu?"

Fundi viatu akavua kofia. "Nilisema. Ila nilisema kwa nia njema."

"Taarifa yangu imeshakwenda: familia haimtambui. Nikirudi kwa mkubwa wangu nikasema sasa inamtambua, ataniuliza, juzi si mtoto wao, leo ni mtoto wao, kesho je? Na kama wamelishwa maneno? Nileteeni picha. Cheti cha kuzaliwa. Chochote."

Nikampigia mdogo wangu palepale, nikaiweka simu wote wasikie.

"Mdogo wangu, lile kopo la biskuti, lenye picha za mwanangu, lipakie basi la leo."

Mdogo wangu akasema kwa sauti ya kigeni, "Kopo gani? Mwanao yupi? Mimi sijui unachosema, dada."

"Ni mimi!"

"Nasikia ni wewe. Na kama umeshikwa huko umelazimishwa kupiga, kohoa mara moja."

"Sijashikwa!"

"Ndivyo wanavyowaambia mseme," akasema, akakata. Tulipiga tena, alikuwa ameizima.

Yule mwanamke aliinama mezani. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alipoinuka alifuta macho kwa kitambaa, akarudi kuwa mtu wa serikali.

"Nitakuja kesho," akasema. "Nitampigia simu kupitia kwa wakili nikiwa ndani ya nyumba yenu. Nitamwuliza mwenyewe kuhusu nyumba hiyo. Nyinyi hamtasema neno. Hata kukohoa."

Alikuja na viatu vya chini. Akakaa sebuleni, simu mezani, sauti ya mwanangu ikajaa chumba. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mlango wa nyumba yenu ni wa rangi gani?"

"Bluu."

Mlango wetu ni wa kahawia. Niliupaka mwaka juzi, nilivyoupenda. Mwanamke akaandika.

"Mbele ya dirisha mtaani kuna nini?"

"Mti mkubwa."

Ulikatwa.

"Ukutani sebuleni?"

"Saa ya duara, ina kioo kimepasuka."

Ilianguka ikamaliza kupasuka. Kila alichojibu kilikuwa kweli na kila kilichoandikwa kilikuwa kosa. Nyumba yangu nimeipendezesha mwenyewe, mwaka hadi mwaka, na sasa nilitamani kila kitu kirudi kilivyokuwa, hata nyufa. Binti yangu alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mzee wangu akatoka na mto mkononi.

"Mwulize kikapu," akasema.

"Baba!" simu ikasema. "Si niliambiwa umelala?"

"Nimelala wiki nzima, mwanangu. Nimechoka."

Yule mwanamke akanyoosha kidole kumnyamazisha, lakini alikuwa amekwisha kutazama dirishani. "Sawa. Kuna kikapu. Ncha ya pili ya kamba imefungwa nini?"

"Pasi ya bibi," akajibu, hata hakufikiri. "Ya mkaa, haina mkono, nimeizungushia waya. Upande wa nyuma, kona ya kushoto, nimeikwangua kwa tupa."

Mwanamke akasimama, akaenda dirishani. Kikapu kilikuwa chini, kwa hiyo ncha ya pili ilikuwa hapo juu, mbele ya pua yake. Kilikuwa kifuko cha mchanga.

Akageuka kunitazama. Kiapo changu cha kunyamaza kikaniponyoka.

"Niliitoa! Nilitaka asijulikane! Iko kwa fundi viatu, anagandamizia soli!"

Simu ikadakia: "Mama, umebadilisha uzito?"

"Ndiyo, lakini..."

"Mchanga huo mliupima?"

"Mwanangu, hili si la leo. Jibu unayoulizwa."

"Na kamba imekaguliwa lini?"

Binti yangu akatazama dari. Mzee wangu akautazama mto.

"Nauliza Ijumaa ipi, mama?"

"Ile kabla hujaondoka," nikasema.

Kengele ikalia. Fundi viatu, ambaye masikio yake hayajawahi kukosa habari ya nyumba yetu, alikuwa ameshaitia pasi kwenye kikapu. "Hii hapa jamani!" akapaza sauti. "Naipandisha!"

"Asipandishe!" Mwanangu alipiga kelele mpaka simu ikakwaruza. "Mwambieni asiguse kamba! Atoke kwenye mduara!"

Yule mwanamke wa wizara, na mkoba wake na vyeo vyake, alijitupa dirishani nusu ya mwili nje. Nikamkamata sketi. "Mzee! Acha kamba! Toka kwenye mduara!" Fundi viatu akaruka nyuma kama amekanyaga kaa la moto.

Yule mwanamke hakurudi kukaa mara moja. Aliivuta kamba kwake, akaipitisha vidoleni. Pale inapopinda juu ya kapi nyuzi zilikuwa zimesimama kama manyoya ya paka aliyeogopa, na katikati zilibaki chache tu zinashikilia. Kwa mkate ingefaa siku nyingine. Kwa pasi ya chuma isingefika ghorofa ya kwanza.

Ikabidi fundi viatu azipande ngazi, pasi mikononi. Tulimsikia tangu chini, kila ghorofa na lawama zake. "Tangu mtoto huyu afunge kikapu, mimi ngazi hizi sijazipanda! Na leo yuko ng'ambo, bado ananipangia kazi!"

"Shikamoo mzee," simu ikamwambia alipoingia.

"Marahaba, mjinga wewe. Pole." Akaiweka pasi mezani, akageukia dirisha, akajipangusa uso kwa mkono wa shati muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

Yule mwanamke akaigeuza pasi. Haina mkono. Waya upo. Akapitisha kidole upande wa nyuma, kona ya kushoto, kikazama kwenye mkwanguo wa tupa.

"Kushoto," akaiambia simu. "Ni kweli." Kisha akanisogezea. "Mama, zungumza na mwanao."

Wiki zote zile nilikuwa nimepanga maneno. Yakapotea yote. "Umekula?" nikamwuliza.

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

Yeye, yule mwanamke, alikuwa ameshaanza kuandika taarifa mpya juu ya goti lake. Katikati akasimamisha kalamu. "Kwamba mlimkana kwa sababu mnampenda," akasema. "Hili nitaliandikaje kwa lugha ya serikali?" Mzee wangu akamwambia aandike kwamba ni kosa la mama mtu, na kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze alilisema bila kucheka.

Siku ya kesi tulikaa sote sebuleni tukiitazama simu. Sikuweza kupika. Mwanangu alitusimulia baadaye kwamba chumba kilikuwa kidogo na wanasheria wa kampuni walijaza safu nzima. Upande wake alikuwa wakili mmoja, aliyewekwa na serikali yetu, na mtu wa ubalozi aliyekaa nyuma yake na barua yenye muhuri. Suala la pasipoti likafa palepale. Likabaki la wizi. Wakili akaomba kipande chenyewe kiletwe, jaji akakishika, nyuzi zikamchoma kidole. Akawauliza wale wa kampuni, kama hii ni mali yenu mnayoidai, basi ni kweli mliifunga kwenye lifti? Wakasema ilikuwa ya kutupwa. Akasema mtu haibi kilichotupwa. Walizungumza mengine mengi ya sheria ambayo mwanangu mwenyewe hakuyashika, lakini mwisho jaji alikataa kumkabidhi, akaamuru aachiwe arudi kwao.

Kwao. Nilimwambia binti yangu anirudie hilo neno.

Alikuja mchana. Nilimwona tangu kona, mfuko begani, upara wake unang'aa. Nilibaki dirishani nikishikilia fremu. Fundi viatu akatoka kibandani, akamzibia njia, nyundo mkononi.

"Kijana, unamtafuta nani?"

"Namtafuta Mama Kikapu."

"Ghorofa ya nne. Lakini sijui unamtakia nini, yule alizaa mabinti watupu."

Wanawake wa saluni ya jirani anakosukia binti yangu wakatoka na vitana mikononi. "Kikapu? Hatumjui!" "Sura hii ngeni kabisa mtaani kwetu!" "Lete kitambulisho!" Mmoja akamwambia wa kwetu ana nywele. Aliwatazama wote, akicheka machozi yakimtiririka, kisha badala ya kuja ngazini akainua uso kuiangalia kamba. Ilikuwa mpya. Na pasi ilikuwa mahali pake.

"Nani kafunga fundo?" akaniuliza kutoka chini.

"Mimi."

Akalitazama muda. "Umekaza vizuri."

Akautia mfuko wake kwenye kikapu, akapiga kengele, akatoka nje ya mduara. Nikavuta.

Siku hizi anatunza lifti za hospitali ya mjini, na yule mwanamke wa wizara akipita mtaani hupeleka viatu vyake kwa fundi viatu, hata visivyoharibika. Lile kopo la biskuti bado hatujalipata. Mdogo wangu alilificha vizuri mno, anasema hata akikumbuka hatasema kwa simu. Mwanangu akitoka asubuhi namwuliza kama kamba zake amezikagua. Na yeye, Ijumaa, akiingia mlangoni, hata kabla ya salamu, ananiuliza yangu. Nimeikagua, namwambia. Haniamini, anakwenda dirishani mwenyewe, nami nasimama nyuma yake, nimemshika shati.